Mikorosho ya Bi Somoe

Ruangwa, Jumatano

Nimeshinda shauri, na tangu nirudi chakula hakipiti.

Bi Somoe aliponiuzia shamba la Nandagala, tulikubaliana kwa mdomo kwamba mikorosho aliyoipanda ataendelea kuokota maisha yake yote. Huku kwetu ndivyo ilivyo: ardhi yangu, mti wake.

Leo barazani mwenyekiti akaniuliza, "Mlikubaliana nini?"

Nikamjibu, "Soma mkataba." Mkataba unasema shamba na vyote vilivyomo. Nilijua maneno yetu ya mdomo hayamo.

Bi Somoe hakubisha. Alinisogezea ndoo yake ya korosho. "Chukua, mwanangu. Nilidhani tulielewana."

Nami nikaichukua! Mbele ya watu...

Nimerudi kwa njia ya nyuma. Mke wangu kaitazama ndoo, kasema yeye korosho za kunyang'anya habangui.