Shimo la Tatu

Obunga, Kisumu, 1989

Maalim wangu,

Siku arobaini zimepita tangu tukuzike, na darasa lako limebaki na watoto sita. Nimewahesabu kupitia dirishani, maana mlangoni bado siruhusiwi.

Unakumbuka walipokuwa tisa? Kwenye rejista thelathini na wawili, wanaokuja tisa, na hao tisa wanasinzia ukiwasomea vita na miaka. Ukaniita mimi, seremala niliyeishia darasa la nne: "Fundi, nichongee kitu kama ajua, bao la kokoto. Hii historia ya Uislamu watoto waicheze." Nikachonga mashimo kumi na moja, kila shimo mwaka mmoja tangu Hijra. Kokoto tuliokota ziwani. Dadu ulinunua wewe, sokoni Kibuye.

Mwezi wa pili wa mchezo walikuwa ishirini na wanane. Ishirini na wanane, Maalim! Zubeda, tuliyemwita bubu darasani, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote kokoto ya mtu ikiangukia shimo la tatu, mwaka wa Uhud: "Umeacha kilima, wewe! Rudi nyuma mbili!" Kama wale wapiga mishale walioacha kilima wakakimbilia ngawira. Ulicheka mpaka kofia ikaanguka.

Halafu mwenyekiti wa kamati akaona dadu. "Madrasa imekuwa nyumba ya kamari?" Kwenye kikao akauliza, "Dadu za nani hizi?"

Ulitazama mkeka. Nikangoja. Nilihesabu mpaka ishirini, na wewe mkeka tu. Basi zikawa zangu. Ubao wangu ukachemsha chai ya kamati, na mimi nikapigwa marufuku.

Miaka miwili tukapishana njiani. Unasalimia, naitikia, basi. Hata ulipolazwa sikuja, na wodi niliijua, na nambari ya kitanda niliijua.

Sasa sikia kinachoniuma. Siku ya maziko mwenyekiti alisimama akasema, "Maalim huyu hakuwahi kuchezea dini." Watu wakaitikia. Mimi nimeshika jembe, hatua tatu kutoka kwake. Ningesema: alicheza nayo, na watoto ishirini na wanane wakaijua. Neno moja tu. Sikulisema. Nilitazama udongo.

Hata mimi niliacha kilima, Maalim.

Nimenunua ubao wa mvule. Safari hii hakuna dadu. Mtoto atasogea kwa jibu lake. Ijumaa baada ya swala naupeleka kwa kamati, na nitasema mbele yao kwamba dadu zilikuwa zako na mchezo ulikuwa wetu wawili. Utaona haya huko uliko? Vumilia. Wakiuchoma, nitachonga mwingine.

Anayeangukia shimo la tatu hurudi nyuma mbili, lakini hatolewi mchezoni. Kanuni hiyo uliitunga wewe.

Mungu akupe nafasi pana huko chini. Kokoto yako naiweka mahali pake, shimo la kwanza.

Fundi wako,
Ramadhani