Mawimbi Niliyosahau Kuzima

Jumanne, Oktoba 2007

Kumbe kosa lilikuwa langu. Wiki nzima nimeitukana ile programu ya bure ya kujaribu saketi za mtambo wa umeme wa Olkaria kwa kompyuta kabla hatujaziunda. Dakika arobaini kwa jaribio moja, na ile ya kulipia leseni inamaliza kwa sita! Ripoti ya kuikataa ilikuwa tayari.

Otieno, fundi mwenzangu, alingoja wengine waende chai.

"Madam, hii ya bure umeiacha ichore mawimbi yote ya umeme kwa skrini?"

Kweli nilikuwa nimeiacha. Ile nyingine haichori chochote. Nikazima mawimbi: dakika saba.

Mungu ambariki huyo mtu. Nikaandika jina lake kwa ripoti mpya kumshukuru, akalifuta.

"Mwaka jana nilifanya hivyo hivyo, Madam. Ripoti yangu ilifika kwa bosi na kosa hilo. Hakuna aliyeniambia mapema."