Kuni Zilizooza

Winnipeg,
14 Septemba 2019.

Mpendwa mdogo wangu Adelaide,

Leo nimehesabu: ni miaka hamsini na moja tangu maji ya bwawa yaingie kijijini kwetu nami nikahamia mji huu. Hujambo? Goti lako je? Macho yangu yamepona. Nasoma tena bila kuazima miwani ya jirani.

Ngozi ya kulungu uliyomtumia mjukuu wangu Shayna ilifika salama. Lakini nina la kukiri. Nilipokuambia kwa simu kwamba nitamfundisha mwenyewe kuilainisha, nilikuwa najigamba. Ngozi zilikuwa kazi ya mama na yako. Mimi nilikuwa napita tu.

Tulianza hata hivyo, yeye na wenzake wanne, nyuma ya kituo cha vijana. Wote wamezaliwa hapa mjini. Walikwangua manyoya siku tatu, wakaipaka ubongo wa mnyama uliopondwa ili ilainike, wakaikamua mpaka viganja vikachubuka. Ikawa laini kama blanketi. Ikabaki kuifukiza moshi, maana bila moshi ingelowa mara moja tu ikakakamaa upya.

Shayna alinunua kuni nzuri, kavu, pale wanapouza petroli. Nami niliziona zinafaa. Tulishona ngozi kama gunia, tukaitundika juu ya ndoo ya makaa, tukatia kuni. Ghafla kuni zikawaka, pindo likaungua.

"Babu, hii kazi umewahi kuifanya kweli?" Shayna akaniuliza.

"Nilikuwa naangalia."

"Kuangalia! Hata mimi naangalia ndege zikiruka, mbona sijawa rubani?"

Wenzake walicheka. Yeye alikuwa ameshika pale palipoungua, machozi yakimlengalenga. Ngozi nyingine hatuna.

Hapo nikakumbuka siku mama alipotutuma kuni, mimi na wewe. Nilileta zangu safi, nimezipasua kwa shoka, najiona mwanamume. Akazitupa. Alizozitaka ni zako: msonobari uliooza, unaovunjika mkononi kama mkate mkavu, usiowaka bali unaofuka tu.

"Twende tukatafute kuni zilizooza," nikasema.

"Duka gani linauza hizo, Babu?"

Tulizipata kando ya mto, kwenye gogo lililoanguka. Kabla ya kuligusa, Shayna alitoa tumbaku mfukoni akaiweka chini kuushukuru mti, kama wazee wetu walivyofanya. Sikumfundisha mimi; nilikuwa nimesahau.

Ngozi ilitoka na rangi ya chai. Kipande kilichoungua kimo ndani ya bahasha hii. Shayna anasema ukinuse kwanza, ndipo unicheke.

Anakuja kwako Juni umfundishe kushona viatu. Usimbembeleze; akikosea, mwambie.

Nisalimie Ambrose na watoto wa marehemu Clarice. Muumba awakinge na baridi, awape samaki wa kutosha.

Uliniuliza kama nitamsindikiza. Hapana. Nyumba yetu iko chini ya maji, na harufu ya moshi wa mama niliyokuwa nataka kuifuata huko sasa imejaa sebuleni kwangu. Sitarudi.

Kaka yako akupendaye vilevile,
Horace