Mwaka Huu Mama Alikunywa Chai

Hara Kebira, Jerba
Siku ya tatu baada ya Pasaka, 1957

Dada yangu mpendwa Kamuna,

Pokea salamu zangu, za Mama, na za paka wako ambaye sasa ni mzee na mkorofi. U mzima? Shemeji Viktor hajambo? Sisi hatujambo, ila magoti yanamsumbua Mama tangu tulipopaka nyumba chokaa kwa ajili ya sikukuu. Alikataa katakata kusaidiwa. Viatu ulivyotuma vimenitosha barabara. Barua hii nampa kaka Bishi, anayekuja Marseille kununua vifaa vya usonara, na nimemwapisha akukabidhi ukiwa peke yako. Usishtuke, hakuna aliyekufa.

Unajua maisha yangu hapa. Nyote mlikuwa wakubwa nikiwa bado natambaa, mkaoa, mkaolewa, nikabaki na Mama. Wavulana wa mtaani huniita mtoto wa wazee. Hucheza peke yangu juu ya paa, nimezoea, ingawa sijawahi kupenda.

Februari nilitimiza miaka kumi na mitatu, nikasoma Torati mbele ya watu, na sauti ilinikauka mara moja tu. Kisha ikaja siku ya kuamkia Pasaka. Siku hiyo, kama ujuavyo, vifungua mimba wa kiume hufunga, na aliye mdogo mzazi hufunga kwa niaba yake. Kila mwaka siku hiyo Mama alikuwa hali kitu mpaka usiku, akisema tumbo limemchafuka. Mwaka huu alijimiminia chai, akachovya mkate, akala ameketi mbele yangu. Niliponyoosha mkono akaiondoa sahani. Akaniagiza nifuatane na Bishi sinagogi, nisitie chochote mdomoni mpaka rabi amalize somo na kugawa keki ya kufungulia.

Huko nilichekwa sana. Bishi ndiye mkubwa wetu, yeye ni haki yake. Mimi wa sita nimefuata nini? Mtunza sinagogi aliniuliza mbele ya watu, "Kitinda mimba, umeinusa keki tangu nyumbani?" Nilitamani ardhi ipasuke. Rabi Hwati hakucheka. Alinikatia kipande changu kabla hata ya Bishi.

Njiani nilimuuliza Bishi, akaongeza mwendo. Nikamuuliza Mama, aliyekuwa uani akichoma makombo ya mwisho ya mkate kabla Pasaka haijaingia. Alikaa chini palepale.

"Watu nimewadanganya," akasema, "na wewe nimekudanganya. Mungu simdanganyi. Nimekufungia miaka kumi na mitatu. Sasa umekuwa mwanamume, mfungo ni wako."

Nikamuuliza mimi ni kifungua mimba wa nani. Alilia kwanza. Halafu akataja jina lako.

Basi najua. Najua ulikuwa na miaka kumi na sita, na kwamba marehemu Baba alitaka nipelekwe kwa watu wa mbali. Najua Mama alijifunga matambara tumboni miezi minne ili majirani waone ni yeye. Habari za mwanamume yule sikuuliza. Ukipenda utaniambia, usipopenda basi.

Nilikasirika sikukuu nzima, na wewe nilikukasirikia kuliko Mama. Jana nikakumbuka siku uliyoondoka. Ulinikumbatia ukawa huniachii, dereva akakufokea, nami nikaona aibu mbele ya wavulana nikakusukuma. Nisamehe kwa kukusukuma. Sikujua.

Shemeji hajui, na kwangu hatajua. Mbele ya watu utabaki dada. Wala sikuombi unichukue, maana Mama hana mwingine, nami nampenda. Naomba kitu kimoja tu. Bishi atarudi baada ya mwezi. Mpe barua ya mkono wako, hata mstari mmoja, uniambie kama uliwahi kunitaka. Jibu lolote nitalipokea, ila lisiwe kimya.

Mama anakusalimu sana. Anadhani nakuandikia habari za sikukuu. Jifunike vizuri, Bishi anasema upepo wa huko ni mkali. Mwaka ujao nitafunga mpaka usiku bila kuambiwa na mtu, na keki nitawaachia wenyewe.

Wako wa kwanza,
Makhluf