Siku Nne Nilizonyamaza

Othaya

Kwa Shangazi Kagure,

Hapa mvua imeanza, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Goti lako limepona?

Tangu duka la baba lifilisike, hakuna benki inayomwamini. Kwa hivyo kila mwezi alikuwa akikopa elfu mbili kwenye sacco, hata bila shida, halafu anarudisha mapema. Akimaliza mwaka bila kuchelewa, sacco ingempa mkopo mkubwa wa kufungua duka tena. Majirani walimcheka: "Waweru, ati unakopa ndio ulipe tu?"

Miezi tisa hakukosa. Mwezi wa kumi alinipa simu nitume malipo. Nilitoa mia sita nikalipia safari ya shule, zilizobaki hazikutosha kulipa, na ujumbe wa kumkumbusha ulipokuja nikaufuta. Tarehe ikapita.

Nilimwambia juzi tukichuma majani chai. Nilidhani atanichapa.

"Umeficha siku ngapi?"

"Nne."

"Mimi nilificha mama yako madeni miaka miwili, ndio duka ikaenda. Kuja twende tuwaambie."

Tulienda sacco na gambuti zenye matope. Karani alisema ile miezi tisa haihesabiki tena, akauliza sababu. Baba akajibu, "Nilichelewa tu." Mimi niliangalia sakafu.

Tulipotoka alinipa simu. "Mwezi ujao utatuma wewe. Na mimi sitaangalia."

Shangazi, huo mwezi nauogopa kuliko mtihani.

Ni mimi msichana wenu,
Wangeci