Baiskeli ya Shomari

Visiga, Jumapili

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako hajambo, ni goti tu linamsumbua.

Umeniuliza kama niliwahi kushinda mbio za baiskeli. Mara moja nilikaribia. Tulikuwa tunazunguka mitaa ya Sofu, raundi kumi, mimi na rafiki yangu Shomari tukiongoza. Siku nyingine sisi wawili tulibeba mkaa kutoka Kisarawe, na wabeba mkaa tuna desturi: mwenzako akianguka, unashuka ukamshikie baiskeli, maana mzigo ule hauinuliwi na mtu mmoja.

Raundi ya mwisho Shomari akateleza kwenye kona. Nikashuka, nikainua baiskeli yake kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa nyepesi kama ungo mtupu. Ndipo tukakumbuka kwamba siku ile hatukuwa na mzigo, na wenzetu wote walikuwa wameshatupita. Tulicheka mpaka tukakaa chini barabarani.

Shomari tulimzika mwaka jana. Wanawe wakaniletea baiskeli yake. Kila asubuhi naitoa uani, naishika usukani, na najikuta namsubiri mwenyewe ainuke.

Babu yako,
Athumani