Kile Oketch alimficha Seline

Rahab, uko? Kaa chini kwanza.

Nimetoka kwa Seline sasa hivi. Leo asubuhi Oketch alimpata sokoni Otonglo akichagua nyanya. Ndiyo, Oketch yule yule, mpiga gitaa wa bendi ya kina Seline. Miaka thelathini hawajaongea!

Unakumbuka '91 bendi yao ilivyoanza kupiga rock kwa ukumbi wa kanisa pale Kondele, watu wakicheka eti huyu msichana anapiga kelele gani? Halafu '93 redio ikacheza wimbo wao, Kisumu yote ikawa ni Seline, Seline.

Na unakumbuka vile hiyo bendi ilikufa. '94 Oketch alirudi kutoka studio Nairobi, alikoenda kuwaombea nafasi ya kurekodi, akasema, "Wamekataa. Wanasema sauti ya Seline ndiyo inaharibu." Seline akaacha kuimba. Mwezi haukuisha, bendi ikavunjika. Mpaka leo hata kwaya hajaingia.

Sasa sikia. Leo Oketch amemwambia, "Seline, nilikudanganya. Walikutaka wewe peke yako. Sisi ndio walitukataa."

Walimtaka yeye, Rahab! Yeye!

Nilidhani alimrushia hizo nyanya. Wapi. Anasema alisikia tu kuchoka, mwili wote, akaketi juu ya kreti. Oketch naye analia, mzee mzima, soko lote linaangalia.

Seline akamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaenda, utuache."

Seline akamwambia polepole, "Oketch, ningekataa. Mimi nilikuwa nataka kuimba na nyinyi."